Maji Matamu ya Nyigu

Jumatatu asubuhi nyigu wa kizimba cha nne walikutwa wamekufa wote, na Daktari hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alichukua ile brashi ya nywele laini ya kuhamishia wadudu, akawafagia maiti juu ya karatasi nyeupe, akaanza kuwahesabu mmoja mmoja, midomo ikimchezacheza. Mwanamke mwenye kazi ya kuwalisha nyigu hao alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mtoto wa shule aliyechelewa.

"Mia mbili na kumi na sita," Daktari alisema. "Wametoka kwenye vifuko vyao juzi. Mama Nyigu, hawa wameishi siku ngapi?"

"Mbili, Daktari."

"Na nyigu aliyelishwa huishi siku ngapi?"

"Nane. Tisa akibahatika."

"Sasa mimi nifikiri nini?"

Pale kituoni jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za mshahara tu. Kila mtu alimwita Mama Nyigu. Nao nyigu wake hawakuwa wale wa darini wanaovimbisha watu macho. Hawa walikuwa wadogo kama punje ya ufuta iliyoota mabawa, na hawakuwa na habari na binadamu. Kazi yao ilikuwa kumtafuta kiwavi anayetoboa bua la mhindi, kumfuata humohumo ndani ya bua, na kumtagia mayai mwilini. Watoto wao humla kiwavi kwa ndani mpaka wakammaliza. Lakini nyigu jike mwenye njaa hafiki popote. Shambani hujitafutia utamu kwenye maua. Kizimbani utamu wake ni maji ya sukari yaliyolowekwa kwenye pamba. Asipoyapata, siku ya pili anaburura mabawa, ya tatu hayupo.

Daktari aliingiza kidole kizimbani, akabonyeza pamba, akalamba.

"Tamu," alisema. "Basi sukari ipo, maji yapo, na nyigu wanakufa njaa. Kati ya chupa na kizimba kuna mkono mmoja tu, Mama."

"Nawalisha, Daktari. Asubuhi, na kabla sijaondoka. Mungu shahidi."

"Mungu simwoni kwenye orodha ya wafanyakazi. Tulipeleka nyigu kwa wakulima arobaini, wakafa kabla hawajaona kiwavi. Jumamosi ijayo tunapeleka tena. Wakifa tena mradi unafungwa, na mimi na wewe tutakutana njiani tunatafuta kazi."

Mlango ulisukumwa, akaingia mtunza stoo na chupa mpya ya maji matamu. Watu walimwita Bwana Stoo. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wa Mama Nyigu. Yeye ndiye aliyemtafutia kazi hii, na familia yao iliishi katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. Tangu sukari ilipoadimika mjini, alikuwa amejitolea kuchanganya maji yale mwenyewe humo stoo, sukari isitembeetembee mikononi mwa watu. Kila mtu alimsifu kwa uangalifu huo.

Aliweka chupa mezani, akatazama maiti kwenye karatasi, akatikisa kichwa.

"Daktari, usimkemee sana shemeji yangu. Ana mambo mengi nyumbani. Mtu akiwa na mawazo husahau."

Ilisikika kama utetezi. Lakini ulikuwa utetezi wa kumfunika mwenzako kwa shuka lenye tundu palepale pa aibu.

Jioni geti lilikuwa nusu wazi, na mlinzi alikuwa ameweka meza.

"Maagizo mapya. Mikoba yote ifunguliwe," alisema, ingawa wawili waliomtangulia Mama Nyigu walipita na mikoba yao imefungwa. Alitoa kitambaa cha Mama Nyigu, akakikung'uta. Akatoa mkebe wa chakula, akaunusa. Chini kabisa akakuta kifuko kidogo cha plastiki kilichofungwa fundo: sukari ya chai, ambayo siku hiyo hakuitumia kwa kukosa hamu.

"Haa! Mama Nyigu, kumbe na wewe unalishwa?"

Foleni ikacheka. Mtu mmoja akavuma kama nyigu, wakacheka zaidi. Daktari aliitwa. Alikifungua kifuko, akamwaga sukari kwenye kiganja, akaitazama muda mrefu kuliko sukari inavyostahili kutazamwa.

Ilikuwa nyeupe, laini kama chumvi ya mezani. Mwezi ule madukani palikuwa na sukari ya kahawia tu, ile ya kugandamana, nayo watu waliipangia foleni. Nyeupe namna ile iliagizwa na kituo kwa ajili ya nyigu.

"Umeitoa wapi?"

"Nyumbani, Daktari."

"Nyumbani kwako kuna kiwanda?"

Alifungua mdomo ajibu. Sukari ya nyumbani ilitoka kwenye kopo la jiko la pamoja, na kopo lile hujazwa na shemeji yake. Hakuwahi kujiuliza zaidi ya hapo. Mtu anayepewa haulizi. Akageuka. Bwana Stoo alikuwa kwenye foleni hiyohiyo, watu wawili nyuma yake. Alikuwa akitazama viatu vyake kana kwamba ni vipya.

"Nyumbani," alirudia Mama Nyigu, akaishia hapo.

Daktari alimimina sukari ile ndani ya bahasha, akaifunga, akaandika tarehe juu yake. "Ijumaa utanipa jibu kamili. Usiponipa mimi, utampa mkuu wa kituo."

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, shemeji nyuma. Walipokaribia kona ya mwisho, Bwana Stoo aliongeza hatua akamfikia.

"Umefanya vizuri kunyamaza, shemeji. Maneno mengi humfunga mtu."

Mama Nyigu aliitikia, "Ndiyo, shemeji," kama ilivyo adabu. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu asiye na hatia humwambia mwenzake sema. Huyu alikuwa anamsifu kwa kunyamaza.

Mke wa Bwana Stoo alikuwa dirishani akiuzia watoto wa shule barafu za juisi, kazi iliyompa jina la Mama Barafu. Mtaa mzima wauza barafu walikuwa wamepandisha bei, na wasiopandisha walipunguza sukari mpaka watoto wakawa wanalamba maji ya baridi. Barafu yake ilikuwa kubwa vilevile, tamu vilevile, bei ileile. "Mimi nina huruma na watoto wa watu," alipenda kusema, na majirani walimwombea baraka.

Mama Nyigu alimsalimia, "Shikamoo, dada," akapita moja kwa moja jikoni. Akafunua kopo. Nyeupe. Laini. Akalifunika polepole, kana kwamba kuna kitu humo kimelala.

Mumewe, fundi seremala, alikuwa uani akipiga randa mguu wa kiti.

"Baba," alimwita kwa sauti ya chini, "hii sukari ya jikoni kaka huinunua wapi?"

"Dukani. Sukari huuzwa wapi tena?"

"Duka gani lina nyeupe mwezi huu?"

Randa ikasimama. "Una nini leo?"

Akamweleza habari ya geti. Mumewe alisikiliza akifuta maranda magotini. Alipomaliza, akauliza kwa upole uliomuuma kuliko kofi: "Na wewe hukuchukua?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Kidogo tu, ya chai. Ukisema umekosea, kaka anajuana nao, atakuombea msamaha."

"Yaani mimi niibe, kaka yako aniombee msamaha!"

"Punguza sauti. Huyu mtu ametupa chumba. Amekupa kazi. Utamtilia shaka kwa rangi ya sukari?"

Alimtazama binti yao wa miaka sita akipita mbio na barafu nyekundu mkononi, aliyopewa bure na mama yake mkubwa, kidevu kikimetameta kwa utamu.

Kesho yake kabla hajatoka simu ililia. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wa wale wakulima arobaini.

"Mwanangu, hivi wale wadudu wako mlitutumia wazima kweli?"

"Wazima, mama. Kwa nini?"

"Wenzangu wanasema mlitutumia vumbi ndani ya chupa. Tulifungua shambani kama mlivyotuelekeza, wakaanguka palepale. Viwavi wanatafuna. Nikipasua bua nakuta unga mtupu. Na watu wanajua wewe ndiye mlishaji. Nikipita kisimani wananyamaza."

"Mama, mimi nawalisha."

"Sijasema huwalishi," alisema mama yake. Lakini alivyolisema, alikuwa kama amesema.

Alifika kazini mapema, akajifungia na nyigu wake. Akaitazama chupa ya maji matamu aliyoletewa jana. Akalamba: tamu, tena tamu kupita kiasi, na nyuma ya utamu ule uchungu kidogo uliobaki mzizini mwa ulimi. Akajipaka tone kati ya kidole gumba na cha shahada, akangoja likauke. Kisha akavitenganisha vidole.

Havikunata.

Alikaa kitini. Miaka mitatu ameshika maji ya sukari. Vidole vyake hunata mpaka anapofika nyumbani, na binti yake humcheka. Tangu lini havijanata? Akainama chini ya meza. Kila mguu wa meza ulisimama ndani ya mkebe wa maji, kuzuia sisimizi wasipande. Zamani sisimizi walikuwa balaa, walipanga foleni ukutani wakitafuta daraja. Sasa ukuta ulikuwa mweupe pe. Hata maji ya kwenye mikebe yalikuwa yamekauka, naye alikuwa hajui, kwa kuwa hakuna sisimizi aliyekuja kumkumbusha.

Alivijua vidonge vya utamu. Huuzwa kwenye vichupa vidogo kwa watu waliokatazwa sukari. Kidonge kimoja hutosha kikombe kizima. Ulimi wa mtu hudanganyika. Tumbo la nyigu je?

Mchana alitoroka saa yake ya chakula, akapanga foleni dukani, akarudi na robo kilo ya sukari ya kahawia. Akachukua chupa tatu za mdomo mpana, akatia katika kila moja nyigu thelathini waliotoka siku hiyo, akazifunika kwa kitambaa cha wavu. Ya kwanza aliipa pamba yenye maji matupu. Ya pili, maji ya stoo. Ya tatu, maji ya sukari ya dukani. Akabandika karatasi, akaandika saa, akazificha nyuma ya vizimba.

Vizimba vingine vyote pia akavibadilishia pamba, akavipa sukari yake. Hakumwambia mtu.

Sukari iliyobaki alirudi nayo nyumbani, na Mama Barafu hakuwa mtu wa kupitwa na kifurushi.

"Siku hizi unajinunulia sukari, mdogo wangu? Ya kwetu ina nini?"

"Haina kitu, dada. Hii ni ya kazini."

"Kazini wanawapa sukari?"

"Kazini ndiko inakopotea."

Lilimtoka tu. Mama Barafu aliendelea kufunga vifuko vyake vya juisi, lakini fundo lilimshinda. Akalifunga, likafunguka, akalifunga tena.

"Mtu akitafuta sana huokota na asichokitafuta," alisema hatimaye, bila kuinua macho.

Asubuhi kopo la sukari lilikuwa limeoshwa na kuinamishwa juu ya kabati. Lilikuwa safi kuliko chombo chochote cha nyumba ile.

Alhamisi, saa nne, chupa ya kwanza ilikuwa na maiti thelathini. Ya pili maiti ishirini na tisa, na mmoja aliyezungukazunguka kama mlevi. Ya tatu walikuwa wakipanda na kushuka kwenye wavu, mabawa yakimeta.

Alizitazama chupa zile kutwa nzima. Haki yake ilikuwa mezani, na haikumpa furaha hata chembe. Akisema, wanalala wapi? Akinyamaza, ni yeye mwizi, na mama yake hapiti kisimani. Nyumbani jioni ile mumewe alimwuliza mbona hali. Alisema kichwa kinamuuma. Mumewe alimtazama, naye akamtazama mumewe, kila mmoja akimpima mwenzake. Wakalala wakipeana migongo.

Ijumaa asubuhi alizipanga chupa tatu mezani kwa Daktari.

Daktari alizisoma karatasi, akainama, akainuka. "Umeziandaa wewe. Umezilisha wewe. Hata mimi ningetaka kujitetea ningeua nyigu thelathini kwa kidole."

"Usiniamini, Daktari. Chemsha."

"Nini?"

"Yachemshe haya maji ya stoo mpaka yakauke. Na ya dukani uyachemshe pembeni. Uchanganye mwenyewe."

Daktari alimtazama mara ya kwanza wiki ile kama mtu anavyomtazama mtu. Akampigia simu Bwana Stoo alete chupa mpya, akavuta majiko mawili ya umeme, akaweka sufuria mbili ndogo. Bwana Stoo alifika na chupa, akaziona sufuria, akataka kuondoka.

"Kaa," alisema Daktari. "Ni dakika chache."

Walisimama watatu wakitazama maji yakichemka. Sufuria ya sukari ya dukani ilianza kutoa mapovu mazito, ikageuka rangi ya asali, kisha chumba kizima kikanukia sukari ya kuungua. Sufuria ya pili ilitoa mvuke. Ikatoa mvuke tena. Mwisho ikakauka, ikabaki na utando mwembamba mweupe chini, kama chozi lililokaukia shavuni.

"Hiki ni nini?" Daktari aliuliza.

Bwana Stoo alisafisha koo. "Hawa wafanyabiashara, Daktari... siku hizi wanachakachua kila kitu. Nitafuatilia gunia limetoka wapi."

Daktari alivuta mtoto wa meza, akatoa bahasha yenye tarehe ya Jumatatu, akaimwaga. Sukari nyeupe ikajikusanya kilima kidogo.

"Basi gunia lilikuwa na sukari halisi; hii hapa ilikamatwa getini. Mama Nyigu, leo ni Ijumaa. Hii uliitoa wapi?"

Bwana Stoo alimtazama. Hakumtazama kwa ukali. Ukali angeweza kuuvumilia. Alimtazama kama siku ile alipowafungulia chumba cha nyuma, akabeba begi lao yeye mwenyewe.

"Shemeji," alisema.

"Kwenye kopo la jikoni," alisema Mama Nyigu, na sauti yake akaisikia kama ya mtu mwingine. "Kwenye nyumba tunayokaa wote. Kopo hujazwa na huyu."

Bwana Stoo akaketi bila kukaribishwa.

"Ningerudisha," alisema. "Sukari ingeshuka bei, ningerudisha yote. Mke wangu angefunga biashara, na ada za watoto zatoka humo. Na hawa..." alionyesha vizimba kwa kidevu, "hawa ni wadudu, Daktari. Nilionja mwenyewe. Nilidhani kwao utamu ni utamu tu."

Hakurudi kazini Jumatatu. Funguo za stoo alipewa Mama Nyigu, pamoja na mizani na daftari, lakini Daktari alipima sukari kila asubuhi na kila jioni, akisema, "Si kwamba sikuamini." Samahani hakuitoa. Mlinzi naye aliendelea kufungua mkoba wake, ila sasa bila vichekesho. Nyigu walipelekwa kwa wakulima wiki moja baada ya siku iliyopangwa, wakiwa wameshiba, na mara hii hawakuanguka. Baada ya siku kumi na tano mama yake alipiga simu: amepasua bua, amekuta kiwavi amekauka, kando yake vifuko vyeupe vimeshikana kama punje za mchele. "Nimewaonyesha wote kisimani," alisema. "Wale walionyamaza nimewaonyesha mara mbili."

Nyumbani hakuna aliyewafukuza. Mama Barafu alifunga dirisha lake, akawa anapika peke yake kabla Mama Nyigu hajaamka, na binti yao alipokwenda kusimama karibu na jokofu aliambiwa, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba limeharibika. Jokofu lilikuwa likinguruma.

Seremala hakusema na mkewe kwa siku tisa, isipokuwa lile la lazima. Siku ya kumi alirudi na habari ya chumba kimoja upande wa pili wa reli, dirisha moja, bomba la maji la nje. Jumapili mchana wakaanza kufungasha. Kaka yake alikuwa ameketi barazani, mgongo umewaelekea.

Mume na mke walibaki na kitanda. Seremala alikifungua mbao moja baada ya nyingine, akipanga skrubu kwenye kisahani.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema bila kugeuka. "Kabla ya Daktari. Mimi mumeo."

"Ningekuambia, ungemwambia kaka yako."

Bisibisi ilisimama. Nje mtu aliburuta kiti. Mkewe alikuwa ameshajiandaa kusikia akikana.

"Ningemwambia," alisema.

Mama Nyigu alimsubiri aongeze neno. Hakuongeza. Basi akainama, akashika ubao wa kichwani ncha moja, mumewe akashika ncha ya pili, wakautoa mlangoni kwa ubavu, taratibu, wasiparuze ukuta wa watu.